Rasi ya Mwerezi

Neno likishatoka halirudi kinywani, na Rondal Sisco alikuwa amelitoa mbele ya watu. Alilitoa gatini kwa mzee Estel, ndani ya banda lake la wavuvi, asubuhi ya ubaridi, wanaume wakila mikate ya soseji na kupasha vidole moto kwenye vikombe vya kahawa.

"Kabla miti haijatoa jani, nitaleta besi mkubwa kuliko yule," alisema, akionyesha samaki aliyetundikwa ukutani. "Jumamosi ijayo nisipomleta, kateni shati."

Milima ile ya Tennessee ina desturi yake: mwindaji akikosa paa hukatwa pindo la shati, likatundikwa watu walicheke. Gatini kwa Estel waliokatwa ni wavuvi wenye majigambo. Matambara yalining'inia kwa safu, kila moja na jina la mwenyewe kwa mkaa. Wengine walikwisha kufa, na matambara yao bado yalichekwa.

Juu ya matambara alikaa samaki mmoja, amekaushwa na kupigiliwa kwenye ubao. Ni besi wa rangi ya shaba, macho mekundu, mgongo mpana kama mtumbwi. Chini yake paliandikwa: HOBERT SISCO, KIJITO CHA CHUMVI. Estel hakumtundika samaki bila kuandika mahali alipovuliwa, na tangu gati lijengwe hakuna aliyedanganya mahali. Watu waliweza kudanganya uzito, hata umri wao, lakini si mahali.

"Utavaa shati la rangi gani?" Estel aliuliza. "Mke wangu anataka linalokwenda na mapazia."

"Noa tu mkasi wako, mzee. Utakatia kucha."

Wakacheka wote isipokuwa Hobert mwenyewe, baba yake Rondal, aliyekuwa kaketi karibu na jiko. Alifuta masharubu, akasema taratibu, "Mwanangu, samaki hasikii matangazo."

"Umesikia, mtoto wa Hobert?" mtu mmoja akadakia.

Hilo ndilo lililomchoma Rondal. Tangu azaliwe alikuwa mtoto wa Hobert, dukani, kanisani, majini. Hakumtaka samaki kwa nyama yake. Alitaka jina lake mwenyewe ukutani.

Wiki ile walitoka pamoja kila alfajiri, baba na mwana katika boti moja. Mwanzo wa majira ya kuchipua maji ya bwawa lile kubwa yana baridi ya kuuma mifupa. Besi hajashuka chini wala hajapanda juu. Ananing'inia katikati kama mtu anayesitasita mlangoni. Wavuvi wa pale humfuata kwa ufito mrefu na kichambo kidogo cha manyoya ya bata, kimening'inizwa mbali chini ya boya. Upepo hulitikisa boya, boya likatikisa manyoya, na mvuvi hana kazi ila subira. Besi hukipokea chambo huku akipanda, kwa hiyo boya halizami. Linalala ubavu tu, kama mlevi. Mgeni hungoja lizame, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Walipata wadogo, wakawarudisha. Na kila walipofika penye Rasi ya Mwerezi, Hobert alivua kofia, akaizungusha boti mbali.

"Baba, maji yameshushwa kuliko miaka yote, wanatengeneza milango ya bwawa. Samaki wamejazana kwenye ile ncha. Si unaona dagaa wanavyoruka?"

"Hapo hatuvui."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Rondal akasema moyoni: mzee anamlinda samaki wake wa ukutani. Anaogopa mwanawe ampite.

Jumamosi Hobert aliamka na kikohozi, akabaki gatini karibu na jiko. Rondal akaondoka peke yake, akaielekeza boti moja kwa moja kwenye Rasi ya Mwerezi.

Ncha ile, ambayo miaka yote huwa chini ya maji, sasa ilitokeza mgongo wa matope, na kisiki cha mwerezi kikisimama ukingoni. Rondal alirusha. Boya likasimama, likacheza kidogo, likalala ubavu.

Akavuta. Ufito ukapinda hadi kwenye kishikio, na uzi mwembamba ukaimba. Samaki aliruka mara moja, na Rondal akasahau kupumua: ukutani hapakuwa na kitu kama yule. Kisha samaki akapiga mbio kuelekea kisiki, uzi ukazunguka mizizi ukakwama.

Akaiegesha boti topeni, akashuka na buti zake, akaufungua uzi kutoka mzizi hadi mzizi kwa vidole vilivyokufa ganzi. Akamfikia samaki, akamshika taya. Akamnyanyua, akapiga ukelele wa furaha ambao hakuna aliyeusikia.

Akarudi nyuma hatua moja. Kitu kikavunjika chini ya buti.

Ni kombe la mtoni, gamba jeupe la chaza. Kando yake lingine, na lingine, yote yamelazwa kifudifudi, yamepangwa kwa safu, yamezungukwa na mawe. Umbo lenyewe halikuzidi urefu wa mkono.

Rondal aliyajua makombe yale. Kila Mei alipanga mengine kama hayo juu ya kaburi la bibi yake kule mlimani, walikohamishiwa wafu wote wenye jiwe na jina kabla maji hayajalifunika bonde. Wafu wa kule wote wanaelekea jua linakochomoza. Bibi yake peke yake aliomba alazwe akielekea bwawani, na hakuna aliyemweleza mjukuu sababu. Sasa alielezwa.

Samaki alipapatika mkononi mwake, mzito na mzuri. Akimpeleka, Estel atauliza mahali. Mahali pataandikwa, na kabla ya mchana boti zote za gati zitakuwa hapa, na nanga zao, na buti zao, na chupa zao. Angeweza kusema Kijito cha Chumvi. Alilijaribu neno hilo mdomoni, likagoma kutoka. Mahali hapadanganywi.

Akainama, akamzamisha samaki majini, akamshikilia hadi mapezi yakapata nguvu. Samaki alipiga mkia mara moja, akaingia gizani. Rondal akapiga magoti topeni, akayarudisha makombe aliyoyasukuma, na lile lililovunjika akaliunganisha vipande kwa vipande alivyoweza. Kisha akavua kofia, akarudi botini.

Gatini walikuwa wameshajipanga.

"Yuko wapi?" Estel aliita hata boti haijafungwa.

"Sina samaki."

"Jamani! Besi wote wamehamia Kentucky, wamekimbia kelele zake!"

"Leteni mkasi! Mtoto wa Hobert ananyolewa leo!"

Rondal aliingia ndani, akawageuzia mgongo, akachomoa pindo la shati kwenye suruali.

Hobert alikuwa amesimama. Alimtazama mwanawe magotini: matope ya kijivu, na kipande cheupe cha kombe kimeng'ang'ania kitambaa. Akanyoosha mkono.

"Nipe mimi huo mkasi."

Kicheko kikazidi, kwa kuwa baba kumkata mwanawe ilikuwa kichekesho kipya. Katikati ya kelele hizo Hobert akainama sikioni mwa Rondal.

"Umepaona?"

"Nimepaona, Baba. Nilikanyaga moja, nikaliunganisha."

Hobert akalishika pindo la shati. "Nilikuwa na miaka mitano. Mdogo wangu alizaliwa, hakulia hata mara moja. Walipokuja watu wa sepeto kuhamisha makaburi, mama hakuwaambia. Akasema huyu hajawahi kuamshwa, hataamshwa sasa."

Mkasi ukauma kitambaa polepole.

Hobert akachukua mkaa, akaandika kwenye tambara lile, na wote wakasoma: RONDAL. Kisha, badala ya kwenda kwenye safu ya matambara, akapanda juu ya kiti na kulipigilia kando ya samaki wake.

"Mzee Hobert," Estel akasema, "matambara ni huku chini."

"Hili linakaa hapa."

Estel akamtazama usoni, akaupokea mkasi na kuurudisha mezani. Mmoja wa wavuvi akamsogezea Rondal kikombe cha kahawa, akamwita kwa jina lake.