Uzi wa Kondoa

Kila Jumamosi baada ya adhuhuri, katika nyumba yao ya Buruburu, Zubeiri aliondoa kitambaa cha meza, akatandaza ramani na kupima barabara kwa uzi mweusi. Alikuwa karani katika ghala la ramani mjini, na huko ndiko alikojifunza upimaji huo: unaulaza uzi juu ya barabara, unaifuata kila kona, unapiga fundo pale utakapolala. Fundo la kwanza lilikuwa Arusha, la pili Babati. La tatu lilikuwa Kondoa, na kwa mkewe Muhiba hilo ndilo fundo pekee lililokuwa na maana, kwani ndiko alikoishi mama yake.

Mama na mwana hawakuwa wameonana tangu mwaka wa sabini na saba, mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa. Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mpaka umefunguliwa, na Zubeiri alikuwa ametoa ahadi mbele ya majirani kwamba mwezi wa Agosti yeye na mkewe wangekodi gari, wamfuate mama huyo na kumleta Nairobi. Nyonga za mama zilikuwa zimekataa kazi. Mabasi na malori asingeyaweza. Alihitaji kiti cha nyuma, mto, na dereva mwenye huruma.

Muhiba alifanya kazi, Zubeiri akafanya maringo. Muhiba ndiye aliyeziandikia barua nyumba za wageni kuuliza kama maji yapo, kama gari litalala ndani ya ua, kama kuna chumba cha chini ili mzee asipande ngazi. Na kwa kuwa mumewe aliona uvivu hata kushika kalamu siku ya mapumziko, alimwamuru amtilie sahihi. Muhiba akajifunza: Z iliyokatwa kiunoni, mkia mrefu, nukta mbili chini ya mkia. Majibu yalipokuja, Zubeiri aliwasomea wageni wake kwa sauti ya mtu aliyehangaika sana.

Kitu kimoja tu kilikwama. Ili Muhiba apate paspoti, ofisi ilitaka ridhaa ya mume, iliyotiwa sahihi kwenye fomu. "Iache hapo, nitaiona," Zubeiri alisema kila alipokumbushwa. Fomu ikalala kwenye droo miezi minne, na Muhiba, mjinga wa kupenda, akaiona hiyo kuwa ni shughuli nyingi za mwanamume.

Wiki moja kabla ya safari walikuwa wakila ugali wa unga wa manjano, maana mwaka ule wa ukame, unga mweupe haukupatikana. Zubeiri alimeza tonge, akafuta midomo.

"Nimeoa," alisema. "Ijumaa iliyopita. Anaitwa Khadro."

Tonge la Muhiba lilibaki vidoleni. "Na safari?" aliuliza, na yeye mwenyewe akashangaa kwamba hilo ndilo lililotangulia kumtoka.

"Safari iko palepale. Nakwenda naye. Mtu akioa hutembea na bi harusi wake."

"Na mama yangu?"

"Mama yako hajafa. Utamwona siku nyingine."

"Basi mleteni nyinyi. Kiti cha nyuma kitakuwa kitupu."

Zubeiri alicheka kwa raha, akicheka hasa, hadi akakohoa. "Fungate, na mama mkwe nyuma yetu anakoroma? Muhiba, nawe una vituko! Fungasha mzigo wake, nitamfikishia. Na zile barua usizibadilishe. Uliandika Bwana Zubeiri na mkewe. Khadro ni mke wangu."

Kisha akaomba aongezewe mboga, na Muhiba akamwongezea.

Hakulia. Alimchukia tu, chuki iliyotulia, akapika nayo, akafua nayo, akalala nayo. Siku mbili nzima alifungasha mzigo: sabuni za mche sita, sukari kilo nne, doti mbili za kanga. Barua ya mwisho kutoka Kondoa alikuwa ameisoma mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. *Mwanangu, huku sabuni tumeisahau. Nafua kwa majani ya mpapai. Majuzi alipita mgeni ananukia sabuni, nikamfuata kwa macho hadi barabarani, nikakukumbuka nilivyokuwa nikikuogesha.*

Ijumaa alasiri alibisha hodi Mativo, jirani yao, dereva wa kampuni moja ya kukodisha magari. Alikuwa na bahasha mkononi na aibu usoni.

"Shemeji, hii ni barua ya kampuni, iko na muhuri. Inasema wameruhusu gari livuke mpaka. Bila hii, hapo Namanga wataambiwa wageuze, hata walie vipi." Alikuna kichogo. "Mimi nilijua ni wewe unaenda."

"Hata mimi," alisema Muhiba.

Alipobaki peke yake aliichomeka bahasha kifuani. Usiku kucha alijiburudisha na Namanga: bi harusi vumbini na hina yake, Zubeiri akibishana na askari, gari likigeuzwa mbele ya watu. Ilikuwa furaha yake ya kwanza tangu ule ugali, naye hakuionea haya.

Asubuhi Peugeot nyeupe ilisimama langoni, Khadro akiwa kiti cha mbele. Alikuwa msichana mdogo kuliko Muhiba alivyotaka awe. Muhiba alipita nyuma, akauweka mzigo wa mama yake kwenye buti kwa mikono yake mwenyewe.

"Asalaam aleikum, dada," alisema Khadro kwa adabu. "Hivyo vyumba vina maji kweli? Zubeiri anasema alivichagua mwenyewe."

"Vina maji," Muhiba alijibu.

"Wewe!" Zubeiri aliita akiwa nyuma ya gari, akihangaika na masanduku ya bi harusi. "Chai ya njiani iko wapi?"

Muhiba akarudi jikoni, akajaza chupa ya chai, hata sukari akaikoroga sawasawa. Alipotoka, Zubeiri alikuwa amekwisha kufunga buti na kukaa kwenye usukani. Aliipokea chupa bila kumtazama. Hati za safari hakuzikagua, kwa nini azikague, miaka yote hiyo akiwa na mtu wa kumkumbukia? Gari likaanza kutembea.

Hapo ndipo Muhiba alipoyakumbuka majani ya mpapai ya mama yake. Gari likigeuzwa Namanga, sabuni nayo ingegeuzwa. Mkono wake ulikwisha kuingia kifuani kabla hajakata shauri. Alikimbia, kandambili moja ikamtoka, akagonga kioo.

"Mmesahau hii. Bila hii hamvuki."

Zubeiri aliifungua bahasha, akaona muhuri, akatabasamu. "Unaona?" alimwambia Khadro. "Nilikwambia huyu hana kinyongo."

Gari likakata kona kuelekea Barabara ya Jogoo. Muhiba alirudi akiokota kandambili yake, akihema, na kwa mara ya kwanza wiki ile kifua kikamwachia. Mama angeoga. Hata kama ni kwa mkono wa mtu yule, angeoga.

Mzigo ulikuwa umesimamishwa kando ya lango, chini ya ua wa michongoma, umeegemezwa vizuri usianguke. Zubeiri alikuwa ameutoa kwenye buti kulipisha sanduku la pili la Khadro.

Muhiba aliutazama muda mrefu. Jirani mmoja alipita akamsalimu, naye akaitikia. Kisha akaubeba ndani, akauweka juu ya meza. Ramani ilikuwa imekwenda, lakini uzi ulikuwa umebaki, na mafundo yake matatu.

Aliufungua mzigo, akazipanga sabuni moja baada ya nyingine, zote sita zipo. Akavuta droo, akaitoa fomu, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Penye ridhaa ya mume hakusita. Z ikakatwa kiunoni, mkia ukaenda mrefu, nukta mbili zikakaa chini yake.

Akaupuliza wino ukauke. Vidole vyake vilinuka sabuni.