Sungura na Mkia Wake

Ukikaa kwenye kiti changu cha kunyolea, utaona kioo, na juu ya kioo utaona picha niliyoikata gazetini: bingwa mmoja wa kike anakimbia, meno nje, kundi zima nyuma yake. Simjui. Ninayemjua ni mwenye kiwiko kile kinachoonekana ukingoni mwa picha. Kiwiko kile ni cha dada yangu. Aliyeitengeneza picha alimkata akabakiza kiwiko, na mimi kila mteja nikimaliza kumnyoa namwonyesha, atake asitake.

Kazi ya dada ni kukimbia mbele ya mabingwa. Watu wa riadha humwita mtu wa namna hiyo sungura. Anaanza mbio kwa kasi iliyopangwa, anawakatia wenzake upepo, nao wanamfuata bila kuumiza kichwa kuhusu mwendo. Wakifika mahali palipokubaliwa, yeye anatoka pembeni na kuwaachia wenye mbio zao wamalizane. Jina hilo likamganda, hata marehemu mama alikuwa akimwita Sungura, na nikimwita kwa jina alilopewa na wazazi, siku hizi anageuka kutazama kama kuna mtu mwingine nyuma yake.

Mimi nami nina cheo changu. Mbio zikiwa za karibu, nafunga saluni, nakwenda kusimama pale anapotoka nikiwa na sweta na chupa ya maji. Jasho likimkaukia mwilini anaanza kukohoa, na akianza kukohoa anataka kuhudumiwa kama malkia. Wateja hunicheka kwamba ni mimi peke yangu duniani ninayekwenda kwenye mbio nirudi bila kujua nani kashinda. Nawaambia wakae watulie, wembe uko shingoni.

Basi nina binti mmoja. Ni mtoto wa maneno machache tangu azaliwe, na hapo zamani hilo halikunisumbua, maana mama yake na mimi tunaongea vya kutosha nyumba tatu. Lakini mwaka mmoja alishika mkia darasani, wenzake wakambandika jina: Mkia. Mwanangu akanyamaza kabisa. Kila asubuhi tumbo lilimuuma, likaendelea kumuuma hadi kengele ya shule ilipokwisha kugongwa, kisha likapona lenyewe. Mama yake alimbembeleza. Mimi nilifoka, na kwa kufoka sijambo. Mtoto akajifunika blanketi akageukia ukutani.

Asubuhi moja Sungura akaja kabla hata hatujawasha jiko. Hakusalimia mtu. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha mtoto, akaanza kufunga kamba za viatu vyake.

"Wanakuitaje huko shuleni?"

Sauti ikatoka chini ya blanketi: "Mkia."

"Vizuri. Mimi Sungura. Ulishaona sungura asiye na mkia? Vaa viatu, tunachelewa."

Na mtoto akavaa viatu. Nilisimama mlangoni na mswaki mdomoni, nikaona wivu, nasema kweli. Mimi baba mzima nimepiga kelele wiki nzima, na huyu kaja na sentensi mbili.

Tangu siku hiyo wakawa wanatoka pamoja kila alfajiri. Walizunguka nyuma ya gereji, wakapita sokoni meza zikiwa bado zimefunikwa maturubai, wakaenda mpaka kwenye mnara wa maji. Sungura mbele, mwanangu nyuma yake, macho kwenye visigino vya shangazi yake. Wakifika mnarani Sungura anatoka pembeni, anainama, anashika magoti. Mtoto naye pembeni, anainama, anashika magoti. Kisha wanarudi wakitembea. Baada ya muda watoto wengine wa mtaani wakaanza kujiunga, hata wale waliomtungia jina. Sungura alikuwa akiwauliza mambo ya shule huku wanakimbia. Aliyeshindwa kujibu kwa kuhema aliambiwa apunguze mwendo. Aliyekataa kujibu aliambiwa aongeze. Wazazi walikuja saluni kuniuliza dada yangu kawafanya nini watoto wao, mbona siku hizi wanaamka wenyewe. Nilijibu kwa madaha kana kwamba ni mimi.

Tumbo la mwanangu likapona. Darasani hakuwa wa kwanza, lakini mkia aliuacha.

Kisha kituo cha vijana kikatangaza mbio za mchujo kwa wasichana. Watano wa kwanza wangechukuliwa kwenda kusoma na kulelewa huko, wakiwa na mwalimu wa riadha wa kwao. Mtoto alikuja saluni, akasubiri mteja aondoke, akasimama mbele yangu.

"Nataka kwenda, baba."

Kwa mwanangu, hiyo ni hotuba. Nilijifanya natafuta kitana ili asinione uso.

Waandaaji walimwomba Sungura awaongoze wasichana hao mwendo, na kabla ya mbio awape neno la kuwatia moyo. Walimpandisha juu ya benchi. Dada yangu, asiyeogopa mbwa wala wakwe, aliwaogopa watoto.

"Wanangu, mimi si mtu wa kuhutubia," alisema. "Msianze kwa pupa. Shikeni visigino vyangu, msiniachie. Mkinishika, mtafika."

Wakampigia makofi. Niliona mwanangu akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekariri.

Nikawaacha, nikaenda kusimama mahali pangu, kwenye pipa jekundu walipokubaliana Sungura atoke. Alikuwapo hapo mwamuzi mmoja, mama mwenye kofia ya njano na kibendera, hana mzaha hata chembe. Tukasubiri. Halafu wakatokea kwenye bonde. Sungura mbele. Nyuma yake, kwa nafasi ya mkono tu, mwanangu. Wengine wote walikuwa wamenyooka nyuma huko, wanahangaika. Uso wa mtoto ulikuwa umetulia, naye alikuwa anapumua vizuri, na nikajua kwa yakini kwamba nafasi ile ni yake.

Sungura akanyoosha mkono juu, kama kawaida, akatoka pembeni.

Na mwanangu akatoka pembeni. Akainama. Akashika magoti.

Sijui nilipiga ukelele gani. Niliangusha chupa. Wasichana wa nyuma wakafika, mmoja, wawili, wakapita. Kundi zima likapita. Nilimrukia mtoto nimsukume arudi barabarani, mwamuzi akanizuia kwa kibendera.

"Baba, tulia! Anaweza kurudi mwenyewe, hapo hapo alipotoka. Ila ukimgusa tu, namtoa."

Sungura alikuwa bado ameinama. Alipoinua kichwa na kumwona mtoto kando yake, rangi ilimtoka.

"Unafanya nini hapa?"

"Umetoka," mtoto akasema.

"Mimi ndiyo natoka! Ndiyo kazi yangu! Wewe hutoki!"

"Ulisema tusikuachie."

Mimi huko pembeni namwaga maneno: kimbia, we mtoto, unasubiri nini, wanakuacha. Mtoto akanitazama, akaanza kujikunja vilevile alivyokuwa akijikunja kitandani. Nikaliona lile blanketi, wallahi.

"Mdogo wangu, nyamaza," Sungura akaniambia. Hakupaza sauti. Akapiga magoti kwenye vumbi, uso kwa uso na mtoto, mikono ameifunga nyuma ili asije akamgusa kwa bahati mbaya.

"Nilisema vibaya, mwanangu. Kosa ni langu. Sasa rudi barabarani."

"Twende wote."

"Siwezi. Pumzi yangu huishia hapa. Tangu nianze kazi hii, huishia hapahapa."

Mtoto akatazama barabara. Wenzake walikuwa wameshafika mbali, vumbi tu linaonekana. "Huko mbele kukoje?"

Mtu mwingine angedanganya. Angesema kuzuri, kuna hiki na kile, nenda utashinda. Dada yangu alianza kutokwa na machozi bila kuyafuta, maana mikono ilikuwa nyuma.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kufika. Nimewasindikiza wengi wakapita hapa, na hakuna hata mmoja aliyerudi kunisimulia. Nenda wewe ukanitazamie."

Mtoto alimwangalia kwa muda ulionikondesha. Kisha akarudi kwenye pipa, akakanyaga palepale alipotoka, akaondoka. Mbele yake hapakuwa na mtu wa kumfuata. Mwamuzi akateremsha kibendera, akapenga kamasi kwenye leso, akajifanya ni vumbi.

Tukabaki. Nilikuwa nimesahau sweta begani kwangu, nikamvisha dada kama mtoto, mkono mmoja kisha wa pili.

"Nimemharibia," alisema. "Nimemharibia kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Hata akifika wa mwisho, ni wewe uliyemtoa kitandani. Sisi wengine tulishindwa."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Mimi? Nimekusifia lini maishani?"

Akafikiri. "Hujawahi."

"Basi jua ni kweli."

Akaegemeza kichwa begani kwangu, jambo ambalo hajalifanya tangu tumzike mama. Nilimwambia twende kule mwisho tukaone. Akakataa. Alisema mtoto atatutafuta hapa kwa sababu hapa ndipo anapojua tulipo. Kwa hiyo tukakaa juu ya ukingo wa mtaro, wapenzi watazamaji wawili wa barabara tupu, na roho zetu ziko mkononi. Makofi yalisikika kwa mbali. Yakasikika tena. Huwezi kujua makofi ni ya nani.

Hatimaye tukamwona. Anarudi kwa miguu, anapishana na wale wa mwisho mwisho, namba yake kifuani inaning'inia kwa pini moja. Nikanyanyuka.

"Wa ngapi?"

Akanipita kama mlingoti. Akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake, akachuchumaa mbele yake, na akaongea. Nasema akaongea. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiunganisha maneno mengi hivyo.

"Shangazi, kuna ukuta. Ukuta mrefu wa ghala, unakimbia kando yake wala huoni mtu, unadhani umepotea. Nikataka kusimama. Halafu kuna kona, ukikata tu kona barabara inanyooka, na unaliona bango la kumalizia mbio, limefungwa juu kwenye nguzo mbili, dogo hivi. Wale wamechoka, shangazi! Walianza kwa pupa. Nikampita mmoja, nikampita mwingine. Nikasikia miguu nyuma yangu, sikugeuka. Na pale mwisho watu wanakupigia makofi hata kama hawakujui. Wanakupigia tu."

"Wa ngapi, mama?" nikauliza tena, safari hii kwa unyonge.

"Wa tano," alisema, kana kwamba nimemuuliza saa.

Sijui dada alifanya nini wakati huo, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekumbatia lile pipa jekundu. Nilipogeuka niliwakuta wameshikana. Sasa waliruhusiwa kugusana, na walikuwa wanafidia.

"Twende ukaone," mtoto akasema.

"Mbio zimekwisha, mwanangu. Na miguu imeshapoa."

"Tutatembea."

Tukatembea. Ukuta wa ghala ulikuwa mrefu kweli. Sungura alichechemea, sweta langu limemfika mapajani, mtoto amemshika mkono anamwonyesha: hapa nilimpita yule wa kwanza, hapa nilitaka kulia. Tulipokata kona, watu walikuwa wameshatawanyika. Viti vilikuwa vinapakiwa kwenye gari. Wanaume wawili walikuwa na ngazi, na mmoja wao yuko juu, anafungua kamba za bango.

Mwanangu, ambaye mwaka ule hakuweza kumjibu mwalimu jina lake, aliuachia mkono wa shangazi yake, akakimbia hadi chini ya ngazi.

"Wajomba, samahani, msilishushe kwanza. Kuna mtu mmoja hajafika."

Yule wa juu akaitazama barabara, akamwona mwanamke mrefu aliyesimama katikati yake na sweta la kiume, mikono mdomoni. Akaanza kuifunga kamba upya.