Pinboli Iliyofunikwa Nailoni

Fundi makochi alikuwa na imani moja isiyoyumba: kitu kisichoguswa hakishuki thamani. Makochi ya sebuleni kwake yalikuwa bado na nailoni yake, na mgeni akiinuka ilimng'ang'ania mapaja kama inamdai. Kwa hiyo ukumbi wa michezo wa mtaani ulipofungwa, na yeye na mdogo wake wakachukua mashine mbili zilizobaki za pinboli, ule mchezo wa kurusha gololi chini ya kioo, ya kwake aliipeleka moja kwa moja chumba cha nyuma, akaifunika nailoni tabaka juu ya tabaka.

Ukubwa ulimpa haki ya kuchagua kwanza. Akachukua yenye picha ya mfuga simba, inang'aa. Mdogo wake, kinyozi, akaachiwa yenye picha ya treni, rangi imechubuka pembeni.

Ndugu hawa waliishi ukuta kwa ukuta. Kinyozi aliiweka yake sebuleni, akaiwasha, na tangu siku hiyo fundi hakujua raha. Kila jioni ni kengele, gololi ya chuma ikigonga huku na kule, na vicheko. Hata mkewe alishazoea kusema, "Napeleka sahani ya shemeji," na sahani hiyo, kwa safari ya mlango mpaka mlango, ilikuwa ikichelewa sana kurudi.

"Wacheze tu," fundi alikuwa akijiambia, macho ukutani. "Wanaila thamani yake kwa vidole. Siku ya kuuza tutaonana."

Siku yenyewe ikafika. Mnunuzi alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, kazi yake kukusanya michezo ya zamani na kuwauzia wenye nazo. Alikuja na bisibisi yake mkobani.

"Hivi bei zake zinapanda kweli?" fundi aliuliza, akijua jibu analolitaka.

"Nyingine zinapanda. Nyingine zinashuka kama friji kuukuu. Inategemea ni mchezo gani, na umetunzwaje."

"Huu haujaguswa."

Mama akamtazama. "Haujaguswa kabisa?"

Kabla hajajibu, kengele zikalia upande wa pili wa ukuta.

"Nini hiyo?"

"Redio ya jirani," fundi akasema. "Mtu hana adabu." Jirani mwenyewe wamenyonya ziwa moja.

Nailoni ilipofunuliwa, harufu ya uvundo ikawapiga usoni. Unyevu ulikuwa umefungiwa humo ndani, na simba kavimba shavu kama anaumwa jino. Mama akafungua nyuma, akavaa miwani, akaguna.

"Betri hizi zinatunza kumbukumbu ya alama umeme ukizimwa. Zinataka kubadilishwa. Zako zimepasuka, maji yake yamekula nyaya." Akamwonyesha unga wa kijani uliotambaa kila mahali. "Ukiwa na siki na subira utaisafisha, pengine icheze. Kwa kuuza, baba, hapa nanunua kioo na miguu." Akafunga mkoba. "Sasa nipeleke kwa hiyo redio."

Walimkuta mke wa fundi amesimama mbele ya treni, kandambili kazivua, anaisukuma mashine kwa nyonga. Hakugeuka.

"Kaka, leo umekuja mwenyewe?" kinyozi akasema. "Nilidhani huku unatuma sahani tu."

Mama akachungulia nyuma ya mashine: betri mpya, vumbi limefutwa. Ile michubuko hakuijali. Akataja bei ambayo ingemtosha fundi kuvalisha makochi ya mtaa mzima. Gololi ikatumbukia. Kwenye kibao cha alama, mahali pa kinara, zikawaka herufi tatu: TAU.

"Tau ndiye nani?" mama akauliza.

"Tausi," kinyozi akajibu, akimwelekeza shemejiye kwa kidevu. "Anasema ndilo jina lake."

Lilikuwa jina lake kweli. Fundi ndiye aliyempa enzi za uchumba, akamwita hivyo mpaka mashoga zake wakachoka kumcheka. Halafu kazi zikawa nyingi, na jina nalo likafunikwa pamoja na vitu vingine vizuri vya nyumba ile.

"Muuzie," akamwambia mdogo wake. Asubuhi ile angekubali kumeza misumari kuliko kuona bei hiyo mkononi mwa kinyozi. Sasa alitaka mashine iondoke, hata bure. "Muuzie leo leo."

"Mimi ni mwenye nyumba tu. Muulize kinara."

"Haiuzwi," mkewe akasema, akifyatua gololi nyingine.

Fundi akarudi kwake peke yake. Akasimama mbele ya simba aliyevimba, akasikiliza ukuta. Akachana nailoni iliyobaki, akaitupa nje. Kisha akapita sebuleni, akachana na ya makochi.

"Siki iko wapi?" akaita, mdomo karibu na ukuta.

Kengele.

"Rafu ya chini," mkewe akajibu. "Nikimaliza gololi hii nakuja."

Fundi akaipata siki, akakaa chini na mswaki wa zamani, akaanza kusugua. Upande wa pili gololi iliendelea kugonga, na haikuonyesha dalili yoyote ya kutaka kuanguka.