Povu la Bosco

Maneno yalimkuta Mueni kwenye foleni ya maji pale Mumbuni, na hayakumtoka tena masikioni: ati kwa Bartholomew, kule nyuma ya kilima ambako watu wa Nairobi huacha mbwa wao wakisafiri, kuna mmoja ameingiwa na kichaa.

"Povu mdomoni kama la sabuni ya Omo," alisema Munyiva, jirani yake. "Na si Kamanthe wako hushinda huko?"

Mueni aliacha mtungi palepale. Nyumbani alimkuta bintiye akitafuna muhogo, mguu umekwaruzwa.

"Nani alikuchuna?"

"Bosco, mwaitu," Kamanthe akamjibu mama yake. "Yule mbwa wa kwa mzee Bartholomew. Jana jioni. Nilikuwa namwonyesha kumbikumbi, akanirukia."

"Ndiye huyo mwenye povu!" Munyiva, aliyekuja nyuma yake, alikuwa na dawa tayari: mafuta ya taa, kitambaa, halafu kunyamaza. "Hospitali watakusumbua tu."

Mueni aliishia shule ya msingi, lakini redio alikuwa akiisikiliza. Aliuosha ule mguu kwa sabuni na maji mengi, hata ya kupikia yakaisha, akamshika mtoto mkono wakaenda hospitali. Nesi alimdunga Kamanthe sindano, akampangia kurudi kwa nyingine, kisha akauliza, "Mbwa mwenyewe ako wapi? Afungwe, aangaliwe. Mkimuua leo, mtajuaje alikuwa na nini?"

Mueni alimwachia dadake mtoto, akapanda kilima mbio. Langoni kwa Bartholomew alikuta wanaume wenye mawe na rungu.

"Fungua, mzee, tummalize."

Mueni akasimama mbele ya lango. "Aliyekwaruzwa ni wangu. Mkimuua, mimi nitalala vipi?"

"Mama, unatetea mbwa?"

"Natetea mtoto. Wewe tetea hayo mawe yako."

Mmoja akacheka, wengine wakashusha mikono. Hapo ndipo Musembi, daktari wa mifugo aliyepigiwa simu na nesi, alipofika, wakaingia ndani. Bosco alikuwa amefungwa peke yake, mdomo umelowa. Kando ya banda lake kulikuwa na beseni la maji na taa ya chemli. Bartholomew aliliweka hapo kutega kumbikumbi, vile kila boma hufanya mvua ya kwanza ikinyesha. Mbawa zilikuwa zimetapakaa majini, na vyura wawili wanene walikuwa wanaota jua wameshiba.

"Na huyu?" Mueni akauliza, akionyesha chini ya mlango wa banda. Chura wa tatu alikuwa ametafunwa nusu.

Musembi akamgeuza kwa kijiti. "Chura wa namna hii ako na sumu mgongoni. Mbwa akimuuma, lazima atoe povu. Lakini asifunguliwe bado, na mtoto amalize sindano."

Alipokuwa bado anasema, Bosco aliinamia bakuli akanywa maji, taratibu, mpaka yakaisha. Mueni, aliyesikia redioni kuwa mbwa mwenye kichaa hushindwa kumeza, akakaa juu ya jiwe, akacheka huku machozi yakimtoka.

Kamanthe alimaliza sindano. Bosco alichukuliwa na wenyewe akiwa mzima, na siku hiyo alimbwekea Munyiva peke yake.

Wenye watoto, epukeni haya:

Kupaka mafuta ya taa mahali palipoumwa au kukwaruzwa na mbwa.
Kungoja mbwa augue ndipo mtoto apelekwe hospitali.
Kuacha sindano katikati kwa sababu mtoto anacheza.
Kuua mbwa kabla hajaangaliwa na daktari.
Kutega kumbikumbi karibu na banda.
Kumwacha mtoto acheze na mbwa asiyemjua.
Kubeba maneno ya foleni kama hujaenda kuona.