Waya wa Adhuhuri

Jumanne hiyo, saa tatu asubuhi, Rukaiya alikuwa shimoni akikanyaga udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe na majivu. Karakana ya kufundishia kazi za asili, pale Sokon One, ilikuwa karibu kwisha. Kuta zilikuwa za matairi yaliyoshindiliwa udongo, juu yake chupa tupu, na fito za paa zilingoja nyasi.

"Unakanyaga kama uko ngomani kwenu Kondoa," alisema Lydia akimimina maji.

"Ngoma ya kwetu inasimamisha ukuta. Huo wenu wa wanakwaya umeinama, kautazame."

Lydia alicheka. Wakati wa matanga ya mume wa Rukaiya, ndiye aliyempikia uji na kulala naye chumba kimoja, na tangu hapo hawakuachana.

Juu, Lekishon fundi alikuwa akifunga fito kwa waya aliouokota njia panda. Tairi likiungua, mpira huisha, waya hubaki. Hakusema ni tairi gani, wala hakukuwa na haja, kwa kuwa njia panda ile ilikuwa imeunguza tairi moja tu. Mwaka jana, baada ya adhana ya adhuhuri, Twahir mume wa Rukaiya aliitiwa mwizi wa pikipiki pale. Walimvunja magoti kwa nondo, wakampasua kichwa kwa mawe, wakamvika tairi shingoni naye bado anawaita kwa majina yao. Pikipiki ilionekana kesho yake gereji ya Kijenge. Mwenye pikipiki alikuwa ameisahau kwa fundi. Jalada la polisi liliandikwa kwamba marehemu aliuawa na wananchi wenye hasira kali, likafungwa.

Kisasi Rukaiya alishamwachia Mungu. Alichotaka ni mtu mmoja tu, katika waliokuwepo, aseme Twahir hakuwa mwizi.

Adhana ya adhuhuri ilipolia, waya ukaiva, ukawa mwekundu. Fito hazikuungua. Ulinuka nywele, ukakaa hivyo karibu saa nzima, muda ule ule aliochukua Twahir kufa, kisha ukapoa. Lekishon alishuka ngazi na lengelenge la duara kiganjani, kubwa kama jiwe la kujaza ngumi. Naftali, aliyekuwa chini akishindilia matairi na hakuugusa waya, alikuwa na lake, refu, lenye mikato ya nondo.

"Kazi itachelewa," alisema Naftali.

Rukaiya aliwapaka shubiri, akawafunga vitambaa. Alipokuwa akimfunga Lekishon alisema, bila kuinua macho, "Sema hakuwa mwizi."

"Mama, siku ile tulikuwa wengi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu mmoja atasemaje?"

Wiki ilipokwisha, wanaume kumi na mmoja wa kujitolea walikuwa wakisiriba ukuta kwa mkono wa kushoto. Malengelenge yao yalikuwa jiwe, nondo, jiwe, rungu. Mmoja alichechemea, maana lake lilikuwa unyayoni. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuwaona, akanywa chai, akashauri wavae glavu.

Siku zote hizo Lydia alikuwa akibeba ndoo kwa mkono mmoja. Jumamosi Rukaiya aliushika ule mwingine, akaukunjua kidole kimoja kimoja.

"Mafuta ya maandazi, dada," alisema Lydia.

Lengelenge lilikuwa jembamba, fupi kuliko kidole cha mwisho, na upande mmoja lilikuwa na kichwa kidogo, kama njiti ya kiberiti. Rukaiya alilipaka shubiri polepole kuliko alivyowapaka wote. Akangoja.

"Inanuka hii," alisema Lydia.

Karakana ilifunguliwa mwezi uliofuata. Mabinti hutunga shanga, husuka vikapu, hukata makubazi ya matairi. Vibuyu hutiwa nakshi adhuhuri, kwa ncha ya waya ule inayoning'inia kutoka paani, na wageni husifu kwamba kazi haili mkaa. Wanaume wale huja na vitambaa vyao, hukaa kwenye benchi, huzungumza habari za mvua.

Rukaiya huswali kwanza. Kisha hukaa mbele ya Lydia, akamshikilia kibuyu kisiteleze, na humpa nafasi ya kusema.

"Nikuchoree nini leo, dada?" huuliza Lydia.

"Maua," hujibu Rukaiya.

Lydia huvuta waya, akachora maua.