Ng'ombe wa Fidia

Yuditha alikuwa anamenya ndizi, moja moja, kaibana kwa kigutu cha mkono wa kulia, na ng'ambo ya ua wa masale, mimea ya mpakani, jirani yake Theopista anakamua. Na anakamua kwa makusudi yule mwanamke! Ndoo inalia chwaa, chwaa, kijiji kizima kisikie. Wivu ulimkaba Yuditha hadi kisu kikamponyoka.

Wote wawili waliumizwa na mashine ileile ya kukoboa kahawa, kiwandani Moshi mjini. Theopista alipoteza vidole viwili, akakubali kulipwa harakaharaka, akanunua ng'ombe. Yuditha alipoteza kiganja kizima, akaenda mahakamani kudai haki yake yote. Kesi haijaisha, kiwanda kikafilisika. Basi aliyeumia kidogo anakunywa maziwa, aliyeumia sana anakunywa chai ya rangi. We acha tu!

Mara akaingia bwana mmoja, viatu vimejaa tope. Alikuwa Eliufoo, wa ofisi ya mfilisi, wale waliopewa kazi ya kuuza mali za kiwanda na kulipa wanaokidai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeniletea haki yangu?"

"Bado, mama. Ila huyu mwenzako alilipwa wakati kiwanda kimeshakufa kimyakimya. Kisheria malipo yale yanarudi, yagawanywe upya. Ng'ombe yule si kanunuliwa kwa pesa ile? Wewe thibitisha tu, tunamchukua leo."

Tusifichane, Yuditha alifurahi. Alishaliona zizi tupu, na Theopista naye kwenye chai ya rangi.

"Mkigawa upya, mimi napata nini?"

"Inaanza benki, maana kiwanda kiliwekwa rehani kwao. Halafu kodi ya serikali. Halafu ninyi mlioumia, kikibaki kitu."

"Kitabaki?"

Eliufoo akafuta kiatu kwenye nyasi. "Kusema ukweli mama, hakibaki."

Theopista alikuwa amesimama kwenye masale, ndoo mkononi. Hakuomba. Angeomba, pengine Yuditha angemkatalia kwa raha zake.

"Ng'ombe yule ni wangu," Yuditha akasema.

"Wako? Mbona yuko kwake?"

"Na wewe unaitwa Eliufoo, jina la Kichaga kabisa! Kwenu hawawekeshi ng'ombe kwa jirani? Mimi majani nitakata kwa mkono gani? Nimemweka kwake. Maziwa na mbolea vyake, ndama wangu. Muulize."

Eliufoo akamgeukia Theopista.

"Ni wake," Theopista akasema kwa sauti ndogo.

Jamani, neno lile lilivyomkolea Yuditha!

Eliufoo alipoondoka, Theopista akapitisha kikombe cha maziwa juu ya masale. "Mungu akubariki, dada."

"Usinishukuru. Nakuonea wivu, na nitaendelea kukuonea. Ila benki ile haijakatwa hata ukucha."

Akayanywa maziwa yote, akarudisha kikombe.

"Anazaa lini?"

Theopista akacheka, akidhani ni utani. "Bado miezi minne."

"Nitakuja kumchukua ndama wangu," Yuditha akasema, akainama kuokota kisu.