Korongo Wawili wa Costansia

Laurensia hakuwa amechora kitu tangu mwaka themanini na tano, na sababu hakuwahi kumwambia mtu.

"Mama, gusa tu, hakiunguzi," alisema Nikuze, mke wa mwanawe, akimsogezea kishikwambi.

"Vidole vina utomvu, mwanangu."

"Si ufute?"

Walikuwa uani, kule Nyakasimbi, beseni la ndizi za kumenya katikati yao. Nikuze alifanya kazi kwenye duka la uchapaji la Rukaya, mjini Rubwera, akitengeneza kadi za harusi na michoro ya fulana. Alikuwa amekuja kupumzika siku kumi. Siku ya kwanza tu, akitafuta shuka kwenye sanduku la bati, alikuta daftari lililoliwa na mende pembeni. Ndani mlikuwa na maua, vikapu, matawi ya kahawa yaliyojaa buni, na korongo mmoja mwenye kishungi.

"Nani kachora haya?"

"Mimi. Nilikuwa msichana."

Nikuze aliketi palepale sakafuni, akafungua ukurasa mmoja mmoja hadi wa mwisho. Laurensia alimtazama, akajisikia kama mtu aliyerudishiwa mzigo aliokwisha kuusahau.

Enzi hizo, kila msichana aliyekaribia kuolewa alimletea Laurensia kitambaa cheupe, amchoree kitu cha kudarizi. Alichora kwanza kwenye daftari, kisha akaweka karatasi ya kaboni juu ya kitambaa na kufuatisha mistari kwa penseli. Costansia, rafiki yake wa kuchota naye maji, alitaka korongo wawili wanaotazamana. Kwenye daftari korongo alikuwa mmoja. Kwa ndege wa pili ilibidi karatasi yenye mchoro igeuzwe, ili naye aelekee upande wake. Laurensia alikuwa na haraka, akasahau. Akamfuatisha yuleyule mara mbili, na kaboni ikishaingia kitambaani haitoki.

"Hakuna neno," Costansia alisema, akaanza kudarizi.

Lakini siku ya harusi kitambaa kilipotundikwa ukutani, watu waliona ndege mmoja anajiendea zake na mwenzake amebaki kumwangalia mgongo. Mama mkwe wa Costansia, bibi Kemirembe, akapaza sauti: "Aliyechora hiki ametuandikia talaka ukutani!"

Watu walicheka. Laurensia naye alicheka. Jioni alilifungia daftari sandukuni.

Sasa Costansia na mumewe Protase walikuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa, na jubilei yao ilishatangazwa kanisani. Kile kitambaa kilioza mwaka ule upepo ulipoezua bati lao. Laurensia alitaka kitu kimoja tu: awape kingine, na safari hii ndege watazamane. Vidole vyake, vilivyokakamaa kwa miaka ya jembe, havikuweza tena kubana penseli. Kumbe kwenye kile kioo kilihitajika kidole kimoja.

Alichora siku nne. Manyoya ya kishungi yalimchukua asubuhi nzima. Alipokosea, Nikuze alimwonyesha pa kubonyeza, na mstari ukarudi ulikotoka.

"Yaani umefutika? Hata alama hamna?"

"Hata alama, mama."

"Enzi zetu kingekuwepo kitu hiki!" Laurensia alicheka.

Siku ya nne Nikuze alinakili ndege, akabonyeza pa kugeuzia. Wa mbele akageuka. Wakatazamana, mdomo kwa mdomo. Laurensia alijifuta macho kwa kiwiko.

"Mungu akubariki, mwanangu. Hujui umenitua nini."

"Mimi nimeshika kifaa tu, mama. Kesho nakwenda nacho Rubwera, kichapwe kwenye kitambaa."

Alikuwa hajamaliza kusema, hodi ikapigwa. Alikuwa Costansia mwenyewe, amekuja kuazima sufuria kubwa la jubilei.

"Shikamoo mama," Nikuze aliinuka.

"Marahaba, binti. We Laurensia, hiyo nini unaificha chini ya upande wa khanga kama mwizi wa mayai?"

Hakukuwa na namna. Laurensia akamwonyesha. Costansia alikishika kishikwambi mbali na macho, akakivuta karibu, akakisogeza tena mbali.

"Korongo wangu hawa?"

"Ndio hao. Nimekurekebishia. Nisamehe kwa yale ya siku ile, mwenzangu, nilisahau kugeuza karatasi."

"Umewaharibu!"

Laurensia aliduwaa, kisu cha kumenyea kikimponyoka mkononi.

"Sikiliza. Miaka arobaini Protase anasema yeye ndiye wa mbele, anatafuta njia, mimi namfuata. Mimi namwambia wa mbele ni mimi, yeye ndiye alinikimbilia mpaka kwa baba. Tukinuniana siku mbili, mmoja anatazama ukutani, anauliza, 'Leo wa mbele nani?' Basi, kicheko, ugomvi umekwisha. Kitambaa kilipooza, Protase hakula siku nzima. Sasa ukiwatazamanisha, sisi tubishanie nini?"

"Na bibi Kemirembe, alivyosema?"

"Yule? Yule alikuja kukiomba akitundike kwake. Nikamnyima." Costansia alimshika mkono, utomvu na yote. "Na wewe ukaacha kuchora! Nilikuuliza mara ngapi, ukasema ni macho yamechoka? Mimi nilikuwa sijakupa asante yangu, Laurensia. Asante."

Laurensia alimtazama Nikuze, na Nikuze akamnyooshea kidole pale pa kugeuzia.

Alibonyeza mwenyewe. Ndege wa mbele akageuka, akampa mwenzake mgongo, kama mwaka ule.

"Huyo! Huyo ndiye mimi," alisema Costansia. "Ila miguu ilikuwa minene kuliko hiyo. Ongeza."

Laurensia alifuta kidole kwenye khanga, akaongeza.